Makubazi Hayana Kamba

Makao ya Wazee Mwidani,
Miritini.
Jumatatu, 2 Juni 2025

Kwa mwanangu Tsuma,

Pokea salamu zangu na za nyonga yangu, ambayo siku hizi nayo ina maoni kuhusu kila jambo. Barua hii anakuletea Gershom, yule anayetufulia nguo hapa, ambaye kwake ni Shanzu na kila siku huenda na kurudi. Mpe maji ya kunywa kabla hajaondoka, wala usimwache amesimama mlangoni kama mtu asiye na kwao.

Najua utanung'unika kwamba dunia imejaa simu na mamako bado anatuma karatasi. Simu hainisikii, nami siisikii, tumeachana kwa amani. Miaka thelathini na minne nilifundisha watoto wa watu kuandika barua, na hilo silistaafu.

Sasa neno lenyewe. Mume wangu ametimiza miezi mitatu na nusu na sijamtia machoni. Eddah mkeo ameniandikia kwamba mmetii desturi: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Kaingu, jina la marehemu babako, lakini nyumbani mnamwita Mgeni mpaka mimi nimpakate na kumwita jina lake. Ndivyo ilivyo kwetu. Jina la marehemu hulitunza mjane wake, na yeye ndiye humkabidhi mjukuu. Baada ya mabinti wenu watatu nilidhani nitazikwa nalo kinywani.

Mleteni Jumapili, tarehe nane. Nimeshaitangazia baraza nzima kwamba mume wangu anakuja, na Bi Jalila wa chumba cha tatu ameanza kunionea wivu. Masharti ya hapa unayajua. Langoni yupo Lynnette na tangi lake la maji. Anachouliza mjibuni, na mjibu kweli.

Mimi mamako,
Dorcas Kaingu


Shanzu,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua hii naiandika kwa hasira. Jana nimefukuzwa langoni kwako. Mimi!

Niliamka alfajiri nikapika mwenyewe wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikafunga kwenye hotipoti. Wasichana tukawaacha kwa jirani. Eddah akambeba Mgeni kwa ile leso uliyomtumia, tukavuka mji mzima hadi Miritini. Langoni nikanawa kama ninavyowafundisha wapishi wangu, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kiwiko, nikihesabu hadi ishirini kwa sauti ili huyo binti asikie. Akanipima joto, hamna joto. Akaniuliza maswali yake manne: una kikohozi, una homa, unahara, nyumbani kuna mgonjwa? Nikajibu hapana, hapana, hapana, hapana. Akaandika daftarini, akatupa barakoa, akashika komeo afungue.

Mara bibi mmoja mwenye mkongojo akatoka ndani akamnong'oneza. Binti akatazama upande wa vyumba, akarudi uso umebadilika. "Samahani, Bwana Tsuma. Leo hamtaingia." Kwa nini? "Rudini mkiwa wazima." Nani mgonjwa? Akakaza komeo. Eddah akamwomba basi yeye na mtoto waingie, mimi nibaki nje. "Nyote mmetoka nyumba moja," akasema, na mtoto analia. Hata hotipoti aliikataa.

Mama, wewe unanijua. Miaka ishirini na miwili jikoni, tangu kusugua masufuria hadi mpishi mkuu, na hakuna mgeni wa hoteli hata mmoja aliyeshikwa na tumbo kwa chakula changu. Mpishi akija na mafua namrudisha kwao papo hapo, hata iwe Krismasi. Leo nifundishwe usafi na binti wa juzi? Sina hata chafya! Mimi naamini alitaka chai, na nilipokosa kuelewa akafunga lango. Nimemwandikia msimamizi wenu leo hii.

Najua ulikuwa dirishani ukingoja. Hapo ndipo paliponiuma kuliko pote. Wale samaki tuliwala usiku wakiwa wamepoa.

Mwanao,
Tsuma


Shanzu,
9 Juni 2025

Kwa Msimamizi,
Makao ya Wazee Mwidani.

Bwana Clifford,

KUH: MHUDUMU WA LANGO, LYNNETTE ODUOR

Mimi ni mtoto wa Mwalimu Dorcas Kaingu wa chumba cha tano. Jana, nikiwa buheri wa afya na baada ya kutimiza masharti yote, nilizuiwa kumwona mamangu na mhudumu aliyetajwa hapo juu. Hakutoa sababu. Kwa jinsi alivyosita huku ameshika komeo, ninaamini alitarajia apewe chai.

Mimi ni mpishi mkuu na usafi ni kazi yangu. Sitakubali kudhalilishwa mbele ya mke wangu na mtoto mchanga. Naomba aondolewe kazini, la sivyo nitamhamisha mzazi wangu na kuwaeleza wengine sababu.

Wako,
Tsuma Kaingu


Miritini,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Bwana Tsuma Kaingu,

Ninaitwa Lynnette Oduor. Kiswahili changu ni cha shule na cha Kisumu, kwa hivyo utanivumilia.

Leo Bwana Clifford ameisoma barua yako mbele ya wafanyakazi wote, kisha amenipa siku saba nijieleze kwa maandishi. Maelezo yasiporidhisha, Ijumaa ijayo ninaachishwa kazi, kwa sababu hilo neno la chai ni zito na hapa halina msamaha. Sikuandikii ili unionee huruma. Ninaandika ili usikie kutoka kwangu mwenyewe.

Sikuomba chai. Nilikuzuia kwa sababu ya kutosha, na ukija kesho na hali ile ile nitakuzuia tena. Sababu yenyewe siwezi kuiandika kwa sababu si yangu peke yangu. Kuna jambo moja ninaloomba radhi. Nilimjibu mkeo kwa ukali na mtoto alikuwa analia. Mwambie nimejuta.

Wazee wetu ni kumi na wanne, na mdogo wao ana miaka sabini na mmoja. Ninanawa mikono mara nyingi hadi ngozi imepasuka. Kila jioni mama yako hunipaka mafuta ya nazi huku akinisahihisha Kiswahili. Tangu Aprili mwaka jana hatujamzika mtu hata mmoja kwa sababu ya mafua. Hiyo ni kazi yangu na ninajivunia, hata nikiondoka.

Lynnette Oduor


Shanzu,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Leo nina habari njema. Bwana Clifford amenijibu kwa adabu zote. Yule binti amepewa siku saba, na kama hana la maana la kusema, Ijumaa hii anafunga virago. Naye ameniandikia. Barua ya kiburi, Mama! Eti angenizuia tena. Eti sababu anayo lakini "si yake peke yake". Basi ni ya nani, ya jirani?

Jambo la pili. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi ile ya maziwa uipendayo, na fundi amekwisha kuweka vyuma vya kushikilia bafuni. Nataka uje ukae kwangu. Nimechoka kuulizwa kanisani kwa nini mwana wa pekee amemtupa mamake kwenye makao. Siku zote nawaambia ulitaka mwenyewe baada ya kuvunjika nyonga, nao hutikisa kichwa kama watu wanaomwonea huruma mwongo.

Jumamosi nakuja na gari la rafiki yangu. Funga sanduku.

Mwanao,
Tsuma


Miritini,
Jumanne, 17 Juni 2025

Tsuma,

Leo hakuna salamu za nyonga. Kaa kitako usome.

Mimi ndiye niliyekufukuza.

Nilikuwa dirishani tangu saa tatu, nimevaa gauni la zambarau. Masikio yamekwenda lakini macho bado ninayo. Niliwaona mkishuka barabarani. Nilimwona mume wangu, kichwa tu, juu ya leso. Kisha nikakuona wewe, kabla hujafika kwenye tangi, unajitenga kando ya ukuta, unainama kufunga kamba ya kiatu.

Ulikuwa umevaa makubazi, mwanangu. Makubazi hayana kamba.

Tangu una miaka saba ndivyo unavyofanya. Uliogopa mwarobaini wangu, basi kikohozi kikikujia unainama, unakohoa magotini, unashikashika kiatu, na ukiinuka uso ni wa malaika. Walimu wenzangu uliwahadaa wote. Mimi hukunihadaa hata siku moja, ila nilikuwa nakuachia, kwa kuwa mwarobaini kweli ni mchungu. Siku hiyo uliinama mara mbili. Ulipofika kwa Lynnette kulikuwa na kitu unamung'unya shavuni, na najua si njugu. Nikamtuma Bi Jalila na mkongojo wake: mwambie Lynnette mwanangu anaficha kikohozi, asimpitishe, wala asimwambie ni mimi niliyesema.

Sasa utauliza kwa nini, kwa kikohozi tu. Nitakuambia jambo nililokuficha kwa mwaka mzima na miezi miwili.

Unamkumbuka Bi Rispa, mwenzangu wa chumbani. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa kumtembelea, na kila ulipokuja alichana nywele kabla yangu, akikuita "mwanetu". Pasaka ya mwaka jana ulituletea sinia ya biriani, tukala sote watatu kwa mkono, sinia moja. Ulimchambulia nyama ukamwekea upande wake. Siku hiyo ulivaa viatu vya kamba, na kabla ya kula uliinama. Nilikuona. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekungoja mwezi mzima.

Alhamisi nikashikwa na homa. Jumamosi ikawa Rispa. Wiki ya pili tulikuwa wagonjwa tisa kati ya kumi na wanne. Mimi nilipona. Kwake iliingia mapafuni, na tarehe kumi na tatu Aprili akafia hospitalini, Lynnette amemshika mkono. Wewe nilikuambia ni presha. Ukaja ukapika chakula cha matanga yake, watu wakakusifu, nami nikakaa pale nikitazama jinsi ulivyokuwa ukihangaika na moto, na ulimi ukanishinda.

Hakuna aliyepima ni nani aliyeleta. Pasaka ile walikuja wageni ishirini na wawili, na yeyote anaweza kuwa ndiye. Daktari hakusema ni wewe, nami sisemi ni wewe. Nasema niliona na nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nami ndilo ninalolala nalo.

Baada ya mazishi nilimwendea Bwana Clifford, nikamwambia lango apewe Lynnette na asiingiliwe, hata akija askofu, hata akija mwanangu. Maswali yale manne ni mimi niliyeyaandika. Na Lynnette alinipa ahadi kwamba haya ya kwetu, mimi na wewe na Rispa, hayatatoka kinywani mwake. Basi fikiria. Amesomewa barua yako mbele ya wenzake, ameitwa mla chai. Angeandika sentensi moja tu, "mamake ndiye aliyeniambia", na leo angekuwa amekaa salama. Nimeyasoma maelezo yake jana. Hakuiandika. Ameandika kwamba alitimiza kazi yake, akaweka sahihi.

Nilidhani naweza kulinda lango na kukulinda wewe pamoja. Haiwezekani tena, maana katikati amesimama mtoto wa mwenzangu, na nikinyamaza mara ya pili sitakuwa mwalimu wa mtu.

Nikuulize swali la jikoni kwako. Mpishi mwenye kikohozi kile ungemwacha aguse wali? Mapafu ya wazee kumi na wanne hayana thamani zaidi ya tumbo la mtalii?

Chumba, ahsante kwa rangi. Siji. Nilikuja hapa mwenyewe na sanduku langu, na wakikuuliza kanisani waambie mamako ana kazi Miritini.

Kuhusu Lynnette, sikuombi. Nakutuma. Ijumaa isikukute hujafanya.

Mama

Nimesahau kukuambia. Mlipogeuka kurudi, Mgeni alitoa mkono nje ya leso. Nililia hadi adhuhuri. Nisingebadilisha hata hivyo.


Shanzu,
Alhamisi, 19 Juni 2025

Bwana Clifford,

KUH: KUFUTA BARUA YANGU YA TAREHE 9

Niliyoandika kuhusu Bi Lynnette Oduor ni uongo.

Siku ile nilikuwa na kikohozi cha siku ya nne. Asubuhi nilikunywa tangawizi, na njiani nikamung'unya pipi za kifua ili asinisikie. Swali lake la kwanza nililijibu uongo nikimtazama machoni. Neno la chai nililitunga kwa hasira. Hakuniomba chochote.

Barua ya kwanza ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote. Naomba na hii isomwe mbele ya hao hao, kwa sauti ile ile. Na kama siku moja mtamchoka, mleteni kwangu. Jikoni kwangu ningemkabidhi funguo.

Barua hii nitaileta mwenyewe hadi langoni na kuiacha mikononi mwa Gershom. Sitaingia. Bado nakohoa.

Tsuma Kaingu


Shanzu,
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Siku kumi na moja barua yako iko mfukoni mwa koti langu la kazi. Nimelifua nayo mara moja kwa kusahau, ikakauka, na bado inasomeka. Wino wako haufi.

Nilipika matanga ya Bi Rispa, Mama. Nakumbuka mpaka watu walioniomba maelezo ya biriani ya matanga hayo, nikawaeleza hatua kwa hatua, nimejaa furaha. Yeye alikuwa akiniita mwanetu. Unasema hakuna ajuaye ni nani aliyeleta. Mimi najua kwamba niliinama, na kwamba siku ile nilijiambia ni moshi wa jiko tu. Nimekuwa nikijiambia hivyo miaka mingi. Kikohozi cha wapishi wangu ni ugonjwa, changu ni moshi.

Jumapili iliyopita niliwachukua wasichana tukaenda kaburini kwake. Lilikuwa limeota magugu. Tumeng'oa, tumepanda maua yale mekundu yasiyotaka maji mengi, na Cindy, yule mdogo, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni nyanya yenu ambaye sikumtunza. Tutakuwa tukienda.

Jikoni niliwakusanya wapishi wote kumi na tisa, nikawasimulia habari za makubazi. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Msaidizi wangu alinyoosha mkono akasema, "Chifu, hata mimi leo koo linaniwasha," nikampeleka nyumbani, na kazi yake nikaifanya mimi.

Kikohozi changu kilikwisha tarehe ishirini na tatu. Tumekubaliana na Lynnette tuje Jumapili ya tarehe ishirini Julai, ndiyo ninayopumzika. Mgeni amejua kucheka. Anamcheka kila mtu, hata kuku.

Najua hukuniuliza, lakini nakuambia: sijawahi kuona haya hivi maishani, na sijawahi kujivunia mamangu hivi. Vyote viwili vinakaa kifua kimoja na vinabanana.

Mwanao,
Tsuma


Miritini,
2 Julai 2025

Kwa Bwana Tsuma,

Barua yako ilisomwa. Bwana Clifford alisoma polepole, na alipofika kwenye funguo alirudia. Nimebaki kazini. Maelezo yangu nimerudishiwa, nimeyachana.

Mama yako amenieleza kwamba alikuambia yote. Alinishika mikono akasema, "Mwanangu, nimekufungua kwenye ahadi." Nilikuwa nimeibeba muda mrefu. Nilipotoka chumbani mwake nilihisi mabega mepesi.

Kuhusu chai: ninaipenda, ya maziwa, tangawizi kidogo. Lakini si langoni.

Tarehe ishirini ninawangoja.

Lynnette


Miritini,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kwa mwanangu Tsuma,

Ya upande wa lango umeyaona wewe. Acha nikuambie ya upande wa baraza, maana hayo hukuyaona.

Tangu saa tatu tulikuwa tumepangwa kwenye viti, wazee wote kumi na wanne, kama darasa linalongoja mkaguzi. Mimi na gauni la zambarau kwa mara ya pili. Bi Jalila amejipaka wanja. Tukawaona mnashuka, familia nzima safari hii, na wewe umevaa viatu vya kamba. Nikasema moyoni, leo Mungu ameamua kunijaribu.

Mkanawa mmoja mmoja. Lynnette akawapima joto. Akafungua daftari, na kabla hajauliza hata swali moja nikakuona unanyoosha mkono, unafunika ukurasa. Ulichosema hatukusikia. Ametueleza Lynnette baadaye: "Usiandike. Cindy amepiga chafya mara tatu tangu kituo cha Airport, na sasa pua inamtoka maji. Sisi leo hatuingii."

Hakuna aliyekuuliza. Hakuna aliyeona. Macho yangu haya haya yaliyokuona ukiinama hayakuona kitu, na Cindy alikuwa amesimama nyuma ya mamake ametulia kama maji mtungini. Ungepita. Ungeniwekea mume wangu mapajani na mimi ningekushukuru.

Bi Jalila akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia silii, najivuna.

Tsuma, nilikuwapo siku uliyovishwa kofia ya mpishi mkuu. Nilikuwapo kanisani siku uliyooa. Siku hizo nilifurahi kama mama yeyote. Jana ilikuwa kitu kingine. Mtu akizuiwa na lango, sifa ni ya lango. Jana komeo lilikuwa tayari kuvutwa, na wewe ukalizuia kwa mkono wako. Nataka ulijue hilo, na nataka uliweke, hata siku nitakapokuwa nimelala karibu na Rispa.

Huo mpango wa michongoma ni wa Lynnette, usinipe mimi. Alikuja akikimbia akaniambia, "Mwalimu, langoni hapana, lakini nje ya ua wa michongoma kuna upepo na kuna nafasi." Akanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mwisho wa baraza. Tulikuwa mbali hatua ishirini, upepo unavuma kuelekea reli. Ukamwinua Mgeni juu ya michongoma kwa mikono miwili. Ana paji la uso la babako, ole wake, na masikio yake vilevile.

Nilikuwa nimepanga kumnong'oneza jina sikioni, kama nilivyonong'onezewa mimi. Basi nikaita kama nilivyokuwa nikiliita darasa la nane kutoka ng'ambo ya kiwanja. Kaingu! Kaingu wa Tsuma! Akaacha kunyonya ngumi, akageuza kichwa. Na wewe ulisikia walivyomwitikia hapa barazani, "Abee!", wote kwa pamoja, maana mwenyewe hajui kuitika. Ambacho hukukiona ni kwamba aliyeanza ni Bi Jalila, tena amesimama. Mzee Nicanor akachelewa, akaitika peke yake wenzake walipokwisha kunyamaza, tukacheka mpaka tukashikana. Na Lynnette, ambaye hujigamba kwamba halii kazini, aliingia stoo kupanga sabuni alizozipanga asubuhi.

Basi nyumbani kwenu hakuna Mgeni tena. Mwiteni jina lake, mlizoee.

Ila kumpakata bado, na hilo silisamehe. Lynnette anasema Cindy akipona wiki hii, tukihesabu na siku za kungoja baada ya kupona, Jumapili ya tarehe kumi Agosti mnaingia. Mpe Cindy mwarobaini kidogo, umwambie nyanya yake amesema ni mtamu. Lete samaki wa kupaka. Mlete na mume wangu.

Mimi mikono nimeshanawa.

Mamako,
Dorcas Kaingu